Marangu, Machame au Satima: njia ipi ya kutembea kwenye mlima unaopona baada ya moto

Tangu moto wa Oktoba 2020 uunguze upande wa Marangu, kila msimu wa kupanda Kilimanjaro unapokaribia watu huuliza jambo lilelile: niende kwenye njia iliyoungua au niikwepe? Wapo wanaoogopa kulipa pesa nyingi ili wakatazame majivu. Wapo wanaotaka hasa kuona mlima unavyojirudi, ila hawajui waanzie wapi.

Mimi niko upande wa kwenda. Mlima ulioungua unamfundisha mtu mambo ambayo hatayaona kwenye msitu usioguswa, na watu wanaoishi kwa kubeba mizigo na kuongoza wageni hawapaswi kukosa kazi kwa sababu ya moto wa mwaka mmoja. Lakini mahali palipoungua hapafanani. Kuna majani yanayorudi kwa mvua za msimu mmoja, kuna vichaka vinavyotaka miaka, na kuna msitu ambao mtoto anayezaliwa leo anaweza kuzeeka bila kuuona ukisimama tena. Kabla ya kuuliza njia ipi ni nzuri, jiulize ni kupona kupi unakotaka kukuona, na mwili na mfuko wako vinaruhusu nini.

Hapa nazilinganisha njia tatu: mbili za Kilimanjaro, yaani Marangu hadi kambi ya Horombo na Machame inayopitia kambi ya Karanga, na moja ya Satima katika milima ya Aberdare, Kenya.

Mambo ya kupima

La kwanza ni mimea, na hili ndilo linalosahaulika zaidi. Nyasi za vishungi hutangulia. Sehemu yake ya kukulia imejificha chini, katikati ya majani yaliyosongamana, kwa hiyo moto unaopita haraka hula juu na kuacha moyo wa fungu ukiwa hai. Mvua ikinyesha, weusi wa ardhi unaanza kupigwa madoa ya kijani. Baada yake huja erika, kile kichaka chenye majani madogo yaliyochongoka ambacho Kilimanjaro kinaweza kukua kikawa mti wa mita kumi. Vichaka vingi vya erika vina shina nene ardhini; matawi yote yakiungua, shina hilo hutoa machipukizi mapya. Ndiyo maana kwenye eneo lililoungua miaka michache iliyopita utaona fito nyeusi zilizokufa zimesimama na, chini yake, duara la kijani kibichi.

Msitu ni habari nyingine kabisa. Miti mikubwa ya erika iliyovaa kuvumwani na nyuzi za kijivu zinazoning'inia hufanya kazi kama chujio: ukungu ukipita, matone hunasa kwenye majani na nyuzi hizo, yakadondoka, yakaingia ardhini. Moto ukiuondoa msitu huo, ukungu unapita bure. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeufuatilia Kilimanjaro kwa miongo kadhaa, ameonyesha kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba kwa upande wa maji hasara hiyo ni nzito kuliko kuyeyuka kwa barafu ya kileleni ambako dunia nzima inakuzungumzia. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2016 kwamba mlima ulikuwa umepoteza takriban hekta 13,000 za misitu kwa moto tangu mwaka 1976. Moto ukirudi palepale kabla miti haijakomaa, msitu haurudi. Nafasi yake inachukuliwa na vichaka, na baada ya vichaka, nyasi.

La pili ni njia yenyewe: kivuli, vumbi, tope, mmomonyoko. Mahali palipopoteza mimea jua linapiga moja kwa moja, na mvua kubwa huchimba mifereji katikati ya njia. La tatu ni mwinuko na idadi ya siku. La nne ni gharama. La tano ni mzigo unaouacha wewe mwenyewe mlimani, kwa sababu ardhi inayopona haivumilii nyayo kama ardhi iliyofunikwa.

Marangu hadi Horombo

*Utakachokiona.* Hapa ndipo hadithi inaposomeka vizuri zaidi. Kutoka lango la Marangu unapanda ndani ya msitu wa mvua ambao haukuguswa na moto wa 2020. Mbega na kima wapo, na vijito vinasikika kabla hujaviona. Unalala kambi ya Mandara, mita 2,720. Ukifika mapema, panda dakika chache hadi kasoko ya Maundi, ambapo msitu unaishia na nyika za Kenya zinaonekana upande wa pili. Siku ya pili unatoka kwenye miti na kuingia kanda ya erika, na ndiko iliko Whona, mahali ambapo wapandaji hupumzika na kula mchana.

Moto wa tarehe 11 Oktoba 2020 ulianzia Whona. Taarifa ya awali ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa za Tanzania, ilisema wapagazi walikuwa wakipasha chakula cha wageni. Upepo ulikuwa mkali na mimea ilikuwa imekauka mwishoni mwa kiangazi. Zaidi ya watu 500 walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, wanakijiji, wafanyakazi wa kampuni za utalii, baadhi yao wakiwa na mapanga na matawi mabichi ya kupigia ndimi za moto. Eneo lililoungua lilifikia kilomita za mraba 95.5, na Horombo penyewe baadhi ya majengo yaliteketea. Ukitembea hapo leo unaziona hatua zote za kupona katika siku moja: msitu mzima nyuma yako, machipukizi ya erika pembeni, nyasi zilizojaa mapengo, na karibu na Horombo miti ya seneshio. Seneshio hukua polepole mno, na hutunza majani yake makavu kuzunguka shina ili kujikinga na baridi ya usiku. Ukikuta shina lake limeungua, simama ulitazame. Umri wake unaweza kuwa mkubwa kuliko wa mwongozaji wako.

*Njia.* Pana, ya miguu mingi, haina hatari ya kuanguka. Kati ya Mandara na Horombo kuna kama kilomita 11 hadi 12, sehemu kubwa bila kivuli. Kofia yenye ukingo si pambo hapo. Kwa kuwa kupanda na kushuka ni njia ileile, siku ya kurudi unapata nafasi ya pili ya kutazama ulichokipita ukiwa umechoka.

*Siku na gharama.* Siku tatu zinatosha kwenda Horombo na kurudi bila kulenga kilele: Mandara, Horombo, kisha chini. Unalala kwenye vibanda vyenye vitanda, kwa hiyo huhitaji hema wala wapagazi wa kulibeba. Ada za hifadhi huhesabiwa kwa siku, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango kilicho chini sana kuliko cha mgeni wa nje, hivyo beba kitambulisho. Anayetaka kufika Uhuru, mita 5,895, huongeza siku mbili au tatu.

*Mzigo wako.* Wageni wengi hupita njia hii, na ardhi ya Whona imeshakanyagwa sana. Kaa ndani ya njia hata pale penye tope. Ukipita pembeni ili viatu visichafuke, unakanyaga yale machipukizi uliyokwenda kuyatazama.

*Inamfaa nani.* Anayepanda mlima kwa mara ya kwanza, mwalimu mwenye wanafunzi wakubwa, mtu wa makamo ambaye magoti yake hayapendi hema, na yeyote anayetaka kuelewa moto na msitu kwa mpangilio. Anayetafuta upweke hatauona hapa.

Machame kupitia Karanga

*Utakachokiona.* Usiku wa tarehe 21 Oktoba 2022 moto mwingine ulizuka Kilimanjaro, safari hii upande wa kusini, jirani na kambi ya Karanga iliyo karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Jeshi liliingizwa kusaidia. Huku juu mimea ni haba kwa asili yake: vichaka vifupi, maua makavu meupe ya nyika ya juu, nyasi za hapa na pale kati ya mawe. Kwa sababu hiyo kovu lake halionekani wazi kama la Marangu, na mgeni asiyeelezwa anaweza kulipita akidhani ndivyo mlima ulivyo. Mwombe mwongozaji akuonyeshe. Kwenye mwinuko huu usiku ni wa baridi kali mwaka mzima na mmea hauna haraka. Dalili za moto hukaa.

Faida ya njia hii ni kulinganisha. Siku moja kabla ya Karanga unalala Barranco, bonde lenye seneshio na lobelia, mmea mwingine mkubwa wa milimani, nyingi kuliko sehemu nyingi za mlima huu. Asubuhi unapanda ukuta wa Barranco, unashuka na kupanda tena mabonde, na mchana uko Karanga. Ndani ya saa chache umeona kanda ya juu ikiwa imetimia na ikiwa imejeruhiwa. Kushuka kwa njia ya Mweka kunakurudisha kwenye erika na kisha msituni.

*Njia.* Ngumu kuliko Marangu. Ukuta wa Barranco unataka mikono, na kushuka Mweka kunatesa mapaja na vidole vya miguu. Karanga ndipo mahali pa mwisho pa kuchota maji kabla ya Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, na wapagazi hubeba maji kutoka hapo kwenda juu. Kumbuka hilo kabla ya kuomba beseni la pili la kunawia. Mlima uliopoteza vichaka vinavyonasa ukungu una vijito visivyotabirika, na kila lita inayofika Barafu imepanda kwenye kichwa cha mtu.

*Siku na gharama.* Siku sita hadi saba, hema, timu kubwa zaidi ya wapagazi na mpishi. Ni safari ya kilele. Hakuna njia ya maana ya kwenda Karanga kwa siku mbili kisha kurudi. Kwa hiyo ni ghali kuliko zote hapa. Usipunguze gharama kwenye migongo ya watu: mzigo wa mpagazi haupaswi kuzidi kilo 20, na kampuni inayotoa bei ya chini isivyo kawaida mara nyingi inafidia hapo au kwenye mishahara.

*Mzigo wako.* Kanda hii ndiyo dhaifu kuliko zote tatu. Alama ya kiatu kwenye ardhi iliyolainishwa na barafu ya usiku inaweza kuonekana msimu unaofuata. Karatasi za chooni zishuke nawe kwenye mfuko.

*Inamfaa nani.* Mpandaji mwenye afya na mazoezi, anayekitaka kilele na yuko tayari kutoa wiki nzima. Kama lengo lako ni kuona mlima ukipona na kilele hakikusumbui, njia hii inakudai mengi kuliko inavyokupa.

Satima, Aberdare

*Utakachokiona.* Oldonyo Lesatima, ambayo wapandaji wa Nairobi wanaiita Satima tu, ina mita 4,001 na ndiyo ya juu kabisa katika safu ya Aberdare. Nyika yake ya juu ni nyasi za vishungi, erika, lobelia, ardhi chepechepe na ukungu unaokuja bila kubisha hodi. Moto ni mgeni wa mara kwa mara huko. Februari 2022 ulizuka mkubwa kwenye nyika hiyo na ukawaka kwa siku kadhaa. Hapa hutaona kovu moja lenye mipaka iliyochorwa. Utakuta nyasi nene zilizozeeka karibu na nyasi changa, fito nyeusi za erika katikati ya kichaka kilichokwisha kuota upya. Ukimuuliza askari wa Huduma ya Wanyamapori ya Kenya, KWS, anayewasindikiza, atakueleza wapi paliwaka na lini. Huenda yeye mwenyewe alikuwepo kwenye kuzima.

Kwa mkazi wa Nairobi kuna sababu nyingine ya kwenda. Sehemu kubwa ya maji ya mji huo hutoka katika milima hii, kupitia mabwawa kama Ndakaini na Sasumua. Ile ardhi chepechepe inayokuingia kwenye viatu ndiyo ghala la maji yenyewe. Ikiungua na kukauka, habari zake hufika bombani.

*Njia.* Hakuna vibanda wala njia pana. Unaruka kutoka fungu la nyasi hadi jingine, na ukikosea unazama hadi kifundo cha mguu. Kwenye sehemu iliyoungua ni rahisi kuona pa kukanyaga lakini tope ni zaidi. Kuna nyati na tembo, ndiyo maana hamwendi bila askari mwenye silaha. Ukungu ukishuka, kaeni pamoja. Mtu aliyeachwa nyuma kwa hatua hamsini anaweza kupotea kweli.

Na msidanganywe na urefu wake mdogo. Nairobi iko kama mita 1,700. Anayetoka huko alfajiri na kusimama mita 4,001 mchana amepanda mita 2,300 kwa siku moja, jambo ambalo Kilimanjaro hakuna mwongozaji mwenye akili angelikuruhusu. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, shuka. Ukianza kuyumba, shuka upesi zaidi.

*Siku na gharama.* Siku moja, pamoja na usafiri, ada ya kuingia na ya askari mnayoigawana kikundi. Ni nafuu kuliko zote hapa kwa anayeishi Kenya. Anayetoka Arusha au Moshi ahesabu safari ya mpakani na usiku mbili za kulala.

*Inamfaa nani.* Mwenye mwisho wa wiki mmoja tu, mwenye kikundi, asiyeogopa tope wala upepo. Haimfai mtoto mdogo, wala mtu anayetaka kusimama kila baada ya dakika kumi kutazama mmea, kwa sababu kikundi kina saa ya kurudi.

Msimu, kwa njia zote tatu

Moto hauji ovyo. Kilimanjaro mioto yote miwili ilizuka Oktoba, kiangazi kirefu kilipokuwa kikiisha na vuli ikiwa bado. Aberdare hatari hupanda Januari hadi Machi, kabla ya masika. Ukitaka kuona machipukizi yakiwa na nguvu, nenda wiki chache baada ya mvua: Kilimanjaro Januari au mwishoni mwa Juni na Julai, Aberdare Juni au Desemba mvua zikipungua. Ukienda Oktoba, nenda ukijua kila jiko na kila kipisi cha sigara ni hatari. Kuni zimekatazwa Kilimanjaro. Hakikisha timu yako ina majiko ya gesi yasiyovuja, yanawashwa mahali pasipo nyasi, na kuna mtu anayekaa nayo hadi yapoe. Uliza hili siku ya kulipa, mbele ya mpishi.

Na popote penye miti iliyoungua ikiwa bado imesimama, usipumzike chini yake upepo ukivuma. Mizizi yake inaweza kuwa imeoza, na ikianguka haitoi ishara.

Ukiwa katika hali hii

Una siku moja na uko Moshi: usiende mbali. Lango la Marangu hadi Mandara na Maundi kisha kurudi ni safari ya siku moja. Hutafika Whona, lakini utauona msitu unaonasa ukungu na mpaka wake wa juu, na utaelewa nini hasa kilipotea huko mbele.

Una siku tatu na pesa ya wastani: Horombo. Ukiwa na watoto wa miaka ya sekondari, hapo pia.

Una wiki, akiba na mapafu: Machame, na usiku wa ziada Karanga badala ya kukimbilia Barafu siku ileile. Usiku huo unasaidia mwili kuzoea hewa nyembamba, na unakupa mchana wa kuzunguka na mwongozaji kutazama palipoungua.

Unaishi Nairobi, Nakuru au Nyeri na bado hujapanda mlima wowote: Satima inaweza kusubiri. Tembea kwanza kwenye vilima vya mwinuko mdogo kwa wiki kadhaa, kisha uende na kikundi kinachokubali kugeuka mtu mmoja akizidiwa.

Umeshapanda Marangu kabla ya 2020 na unasita kurudi kwa kuogopa kuona ulichokipenda kimeungua: rudi, na kama una picha za zamani, beba. Mwongozaji atasimama nawe mahali palepale na kukuonyesha kilichoota, kisichoota bado, na mti gani alidhani umekufa ukachipua mwaka wa pili. Wageni wachache humuuliza hayo, naye ana mengi ya kusema.